Kinachomrudisha Mtu Mzima Darasani (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tulizungumzia ujasiri wa mtu mzima anayekubali kuanza na a, e, i, o, u. Kuanza ni kugumu, lakini kwa maoni yangu kuendelea ni kugumu zaidi, na historia ya kisomo nchini Tanzania inaonyesha sababu yake.

Sensa ya 1967 ilionyesha kuwa takriban theluthi mbili ya watu wazima hawakujua kusoma na kuandika. Mwalimu Nyerere akautangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na madarasa yakafunguliwa kila palipokuwa na nafasi, hata chini ya miti. Kufikia 1977 wasiojua kusoma walikuwa wamepungua hadi kiasi cha asilimia 27.

Wanakisomo hao, waliochoka kwa kazi za shamba, walivumilia kwa nguvu gani? Tazama Kanda ya Ziwa, ambako vitabu vya kisomo viliandikwa kuhusu pamba, migomba, uvuvi na ng'ombe. Mkulima akiandikiwa “pamba” ubaoni, hahitaji kuelezwa maana. Hulikata neno, pa-mba, kisha huendelea: pa, pe, pi, po, pu, huku vidole vilivyozoea mpini wa jembe vikiikaba penseli. Msimu wa kuuza ukifika, husoma mwenyewe kilo kwenye mizani na fedha kwenye risiti. Hakuna hotuba inayoweza kumrudisha darasani kama risiti ile.

Redio nayo iliunganisha somo na maisha vivyo hivyo. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wapatao milioni mbili walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza kipindi, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka majani kuzunguka nyumba zao. Somo la leo lilionekana uani kesho yake.

Shida ilikuja baadaye. Mtu akishafuzu mtihani wa kisomo, asome nini? Asiyekuwa na maandishi nyumbani husahau herufi upesi, hata awe na bidii namna gani. Waliobuni mpango wa kisomo waliliona hilo mapema: wakaanzisha maktaba vijijini na, mjini Mwanza, gazeti la vijijini lililoitwa Elimu Haina Mwisho. Hali ya uchumi ilipobana katika miaka ya 1980, vitabu na karatasi vikaadimika, na wengi waliokwisha kufuzu wakarudi nyuma. Kuwaita wavivu ni kuwaonea. Walinyimwa ukurasa wa pili.

Kwa hiyo, msomaji unayejifunza ushonaji, hesabu za biashara au lugha mpya, kabla hujamaliza kitabu ulichonacho, tafuta kinachofuata na mahali pa kuyatumia unayoyasoma. Wiki ijayo tutaangalia elimu kwa njia ya posta, iliyowafikia wengi wasioweza kuacha kazi zao ili wakasome.