Kocha aliyeacha chuo baada ya miezi mitatu

Unajua ile ya kupita Uganda Road, ukaona mtu mliyesoma naye chuoni, ukajifanya uko bize na simu? Mimi naijua vizuri. Karo ilinishinda nikaacha chuo, na hapa Eldoret watu hawachoki kuuliza: “Sasa utamaliza lini?”

Najua huu ni mji wa wakimbiaji, lakini leo tuwaache kidogo. Nataka nikupe stori ya kocha wa mpira wa vikapu wa vyuo vikuu Marekani, mzee anayeitwa Jim Calhoun.

Alizaliwa 1942, akakulia Braintree, Massachusetts. Akiwa na miaka 15, babake akafariki kwa mshtuko wa moyo, akaacha mama na watoto sita. Jim alipomaliza shule ya upili alipata ufadhili wa kuchezea chuo cha Lowell State. Alikaa miezi mitatu tu, akarudi nyumbani kutafuta unga. Alikata mawe, akachora majina kwenye mawe ya makaburi, akafanya kazi kwenye yadi ya vyuma vikuukuu. Hakuchagua kazi.

Angekuwa wa kwetu, mtaa ungekuwa umeshamzika.

Baada ya miezi 20 hivi akarudi darasani, chuo kingine kabisa: American International College, pale Springfield, mji ambao mpira wa vikapu ulibuniwa 1891. Alipomaliza akafundisha timu za shule za upili, kisha 1972 akachukua Northeastern ya Boston. Mwaka 1986 akaenda Connecticut, ile wanaita UConn. Msimu wa kwanza alishinda mechi 9, akapoteza 19. Hebu fikiria hao mashabiki walivyomchamba! Lakini akabaki. Akabeba ubingwa wa vyuo 1999, 2004 na 2011. Huo wa mwisho aliuchukua akiwa na miaka 68, na hakuna kocha mzee kama yeye aliyewahi kuushinda kabla yake.

Unauliza hayo yanatuhusu nini? Muulize Mtanzania yeyote kuhusu Hasheem Thabeet. Kijana wa Dar es Salaam, urefu mita 2.21, alianza kushika mpira akiwa tineja. Calhoun alimfundisha UConn kuanzia 2006. Mwaka 2009 Memphis Grizzlies wakamchagua wa pili NBA nzima, mbele ya James Harden na Stephen Curry. Mtanzania wa kwanza kucheza ligi hiyo.

Lakini nisikuuzie ndoto. NBA haikumwendea Thabeet vile watu walitarajia. Na UConn yenyewe ilifungiwa mashindano ya ubingwa ya 2013 kwa sababu alama za masomo za wachezaji, enzi za huyo huyo Calhoun, zilikuwa chini. Yaani mtu aliyehangaika hivyo kurudi darasani, timu yake ikaadhibiwa kwa sababu ya vitabu. Hiyo sehemu ndiyo inaniuma zaidi. Kipaji kinakufungulia mlango wa chuo, lakini kusoma ni juu yako.

Alistaafu 2012. Ungedhani amemaliza, sivyo? Mwaka 2018, akiwa na miaka 76, akaanza upya na Saint Joseph, chuo kidogo kilichokuwa cha wanawake na ndio kwanza kilikuwa kinapokea wavulana. Kwenye daraja lile hakuna ufadhili wa michezo. Ni vijana tu, mpira na mzee mmoja wa kupiga kelele pembeni.

Mimi si mchezaji, na sina mita mbili. Nilichobeba kwake ni ile miezi 20. Kuondoka hakukuwa kosa, nyumbani kulihitaji mtu. Ila hakuacha kuondoka kugeuke kuhamia.

Kwa hivyo Jumatatu nitapanda matatu niende kuuliza deni langu la karo limefika ngapi. Kuuliza tu ni bure. Wewe lako umeuliza?