Vidonge vya Chuma, Chai na Ulanzi: Namna Dawa Zinavyoathiriana Mwilini

Mama mjamzito anayeishi na Virusi vya UKIMWI (VVU) katika Mkoa wa Iringa au Mbeya hutoka kliniki akiwa na dawa za aina mbili. Ya kwanza ni kidonge cha kila siku chenye mchanganyiko wa tenofoviri, lamivudini na dolutegraviri, ambacho ndicho kinachotumiwa na watu wazima wengi walio kwenye tiba ya kufubaza VVU nchini. Ya pili ni vidonge vya madini ya chuma na asidi ya foliki, vinavyotolewa kwa wajawazito ili kuzuia upungufu wa damu. Zote mbili anazihitaji. Hata hivyo, zikimezwa pamoja tumbo likiwa tupu, ya pili huizuia ya kwanza kufanya kazi ipasavyo.

Sababu yake haina fumbo. Madini ya chuma hushikamana na dolutegraviri ndani ya tumbo, na muungano huo haupenyi kirahisi katika utumbo kuingia kwenye damu. Mama anakuwa amemeza dawa, lakini sehemu yake kubwa inatoka mwilini bila kutumika. Hali hiyo ikijirudia kila siku, kiwango cha dawa katika damu hushuka, virusi hupata nafasi ya kuongezeka, na kinga ya mtoto aliye tumboni hupungua.

Suala hili lina uzito wa pekee katika Nyanda za Juu Kusini. Utafiti wa kitaifa wa hali ya VVU wa mwaka 2022/2023 ulionesha kiwango cha maambukizi cha asilimia 4.4 kwa watu wenye umri wa miaka 15 na zaidi nchini, wakati Njombe kilikuwa asilimia 12.7, Iringa asilimia 11.1 na Mbeya asilimia 9.6.

Ufumbuzi si kuacha dawa mojawapo. Dolutegraviri na vidonge vya chuma vinaweza kumezwa kwa wakati mmoja endapo vitaambatana na mlo. Mgonjwa asiyekula wakati huo anatakiwa kumeza dolutegraviri saa mbili kabla ya vidonge vya chuma, au saa sita baada yake. Kanuni hiyo inahusu pia vidonge vya kalsiamu. Kwa dawa za kutuliza kiungulia zenye magnesiamu au aluminiamu, ambazo wananchi wengi hujinunulia katika maduka ya dawa bila kuandikiwa na daktari, chakula hakisaidii. Hapo ni lazima saa zitenganishwe.

Chai nayo ina sehemu yake. Mufindi na Rungwe ni maeneo yanayoijua chai tangu shambani hadi kikombeni, na katika baridi ya huko si rahisi kumwambia mtu aiache. Wala haihitajiki kuachwa. Tatizo ni kwamba tanini iliyomo kwenye majani ya chai hupunguza ufyonzwaji wa madini ya chuma, hivyo mama anayeteremsha vidonge vya kuongeza damu kwa chai ya asubuhi anapoteza sehemu ya faida yake. Maji yatumike kumezea, na chai isubiri saa moja au mbili.

Maziwa huonesha vizuri kwamba hakuna jibu moja kwa dawa zote. Kalsiamu iliyomo katika maziwa hudhoofisha antibayotiki kama tetrasaiklini na siprofloksasini. Lakini mgonjwa wa malaria, tuseme wa Kyela kwenye joto la mwambao wa Ziwa Nyasa, anayetumia dawa mseto ya artemeta na lumefantrini, anashauriwa kuimeza pamoja na chakula chenye mafuta, kwa kuwa lumefantrini huingia mwilini vizuri zaidi palipo na mafuta. Kwake yeye, kikombe cha maziwa au kipande cha parachichi ni msaada.

Mwingiliano mwingine hutokea katika ini. Rifampisini, mojawapo ya dawa kuu za kifua kikuu, huliamsha ini livunje dawa nyingine kwa kasi kuliko kawaida. Ndiyo maana mtu mzima anayetumia dolutegraviri miligramu 50 mara moja kwa siku huongezewa miligramu 50 nyingine baada ya saa 12 anapoanza rifampisini. Vidonge vya uzazi wa mpango na vijiti hupungua nguvu kwa sababu hiyo hiyo, na wapo wanawake wanaolitambua hilo wakiwa tayari ni wajawazito. Kwa mgonjwa wa kisukari mambo hugeuka: dolutegraviri huongeza kiwango cha metfomini katika damu, hivyo daktari hutakiwa kuipunguza, kwa kawaida isizidi miligramu 1,000 kwa siku.

Ini hilo hilo ndilo hubeba mzigo wa pombe. Ulanzi unaogemwa Iringa msimu wa mvua huwa mtamu ukiwa mbichi, na wapo wanaouhesabu kuwa kinywaji laini, ilhali huendelea kuchachuka kadiri saa zinavyokwenda. Kwa mgonjwa wa kifua kikuu, pombe huongeza hatari ya ini kuharibika kutokana na dawa. Mkojo kuwa na rangi ya chungwa si dalili ya hatari, kwani hiyo ni rangi ya rifampisini. Macho kuwa ya manjano ni dalili ya hatari, na mgonjwa anatakiwa kurudi kituoni siku hiyo hiyo.

Mtoa dawa hawezi kuyatambua haya yote kwa kutazama cheti pekee. Cheti hakioneshi dawa ya kiungulia iliyonunuliwa dukani, mitishamba inayochemshwa nyumbani wala kijiti kilichowekwa mwaka uliopita katika kituo kingine. Mgonjwa anashauriwa kwenda na dawa zake zote, pamoja na makasha yake, na kutaja mitishamba na pombe anayotumia. Anayepata madhara baada ya kutumia dawa amweleze mtoa huduma, ambaye hujaza fomu ya njano ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA). Ofisi ya Mamlaka hiyo kwa Kanda ya Nyanda za Juu Kusini ipo jijini Mbeya.