Saa ya Swichi na Saa ya Mswahili

Swichi ya mtandao hurekebishwa saa yake kwa kuandikiwa anwani ya seva ya wakati, kwa utaratibu uliotangazwa na David Mills mwaka 1985. Seva hutoa saa ya dunia tu. Nyongeza ya saa 3 ya Tanzania, Kenya na Uganda yampasa fundi kuiandika mwenyewe. Asipoiandika, tukio la adhuhuri huorodheshwa 09:00, na Mswahili akiisoma "saa tisa" hulidhani la alasiri. Akiiandika, huorodheshwa 12:00, nayo si "saa kumi na mbili". Basi saa za mchana zisomwe kwa kutoa 3 katika saa ya dunia, au 6 katika saa iliyokwisha kuongezwa. Ndipo itakapopatikana saa sita.