Judo na vyuma: saa zipo, mwili ndio hautoshi

Wiki ina saa 168. Ukilala saa 8 kila usiku, 56 zimekwenda. Kazi ya saa 9 kwa siku 6 inachukua 54, na foleni ya saa 2 kwa siku inameza 12. Zinabaki 46. Judo jioni tatu, dakika 90 kila moja, ni saa 4.5, vyuma mara mbili kwa wiki, saa moja moja, ni 2. Jumla 6.5. Muda upo. Kinachoisha mapema ni uwezo wa mwili kujijenga upya.

Tazama mzigo wenyewe. Kuchuchumaa na chuma cha kilo 80 begani, seti 5 za mara 5, ni marudio 25, sawa na kilo 2,000. Ongeza kunyanyua kilo 100 kutoka sakafuni, seti 3 za mara 5: kilo 1,500. Hizo ni tani 3.5 kwa mazoezi mawili tu, na mapaja na mgongo huohuo ndio utakaomwinulia mwenzako mkekani.

Misuli iliyofanya kazi nzito huhitaji takriban saa 48 kabla ya kurudishwa kazini. Ukicheza judo Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, kisha ukapiga vyuma Jumanne na Alhamisi, saa hizo huzipati hata mara moja katikati ya wiki. Hamishia vyuma Jumatatu na Ijumaa, siku zilezile za judo: mazoezi yanabaki matano, lakini siku za kupumzika zinakuwa 4.

Gharama ya kukosa mapumziko hayo haionekani mapema. Mwaka 1980 mtafiti wa Marekani, Robert Hickson, alilinganisha makundi matatu kwa wiki 10: la vyuma siku 5 kwa wiki, la mbio na baiskeli siku 6, na lililofanya yote. Kundi la tatu liliongeza nguvu sawa na la vyuma kwa wiki 7 hivi, kisha likakwama. Wiki mbili za mwisho nguvu zikashuka. Mzigo wao ulikuwa mkubwa kuliko huu wetu, lakini somo ni lilelile: mwezi wa kwanza hudanganya.

Kuna na mizani. Wanaume katika judo hupangwa kilo 60, 66, 73, 81, 90, 100 na zaidi ya hapo. Mwenye kilo 65 akiongeza misuli ya kilo 2 anaangukia daraja la 73, alilochezea Mtanzania Andrew Thomas Mlugu kwenye Olimpiki ya Paris 2024; huko mwenye kilo 67 atakutana na watu waliomzidi hata kilo 6. Kwake yeye chuma kizito cha marudio machache kinafaa kuliko seti ndefu za kutunisha kifua.

Chakula nacho kina hesabu yake. Gramu 1.6 za protini kwa kila kilo ya mwili, kwa mtu wa kilo 66, ni kama gramu 105 kwa siku. Mayai manne na vikombe viwili vya maharage yaliyopikwa vinatoa karibu nusu. Nusu nyingine itoke kwenye dagaa, samaki, nyama au maziwa.

Pambano la judo ni dakika 4, na nguvu zote hizi ni za kutumika humo. Ukiona chuma ulichokizoea kimekuwa kizito ghafla, punguza seti za kuchuchumaa kutoka 5 hadi 3. Kilo 2,000 zinashuka hadi 1,200, na jioni zako tatu za judo zinabaki palepale.