Shule Jirani, Mizani Moja

Mwaka 2025 wanafunzi wa kwanza wa sekondari msingi nchini Kenya walifanya mtihani wa kumaliza Gredi ya 9, na Januari 2026 wakaingia sekondari ya juu. Safari yao imeacha swali zito: kwa nini shule mbili za serikali zilizo katika kata moja, zenye mtaala mmoja na zinazopimiwa fedha kwa kibaba kimoja, zitofautiane kama mbingu na ardhi?

Chini ya mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985, mtoto alikaa miaka minane katika shule ya msingi. Mtaala mpya wa umilisi umeigawa safari hiyo upya: miaka 6 ya msingi, 3 ya sekondari msingi na 3 ya sekondari ya juu. Desemba 2022, kamati iliyoongozwa na Profesa Raphael Munavu ilipendekeza madarasa ya sekondari msingi yawekwe katika shule za msingi, na Gredi ya 7 ikaanza huko mwaka 2023.

Uamuzi huo ulikuwa na busara yake, kwani mtoto alibaki karibu na wazazi wake. Lakini shule za msingi hazikuwa zimejengwa kwa ajili ya maabara, wala hazikuwa na walimu wa masomo ya sekondari.

Hapo ndipo tofauti ilipoanzia. Serikali ilipanga shilingi 15,042 za Kenya kwa kila mwanafunzi kwa mwaka. Kwa kipimo hicho, shule yenye wanafunzi 400 hustahili shilingi 6,016,800, na jirani yake yenye wanafunzi 40 hustahili 601,680. Hata hivyo, masomo ni yale yale 9. Ikiwa kila mwalimu amesomea masomo mawili, shule hata iwe ndogo namna gani inahitaji walimu watano. Kemikali na vifaa vya sayansi navyo havipungui bei kwa sababu wanunuzi ni wachache.

Basi, fedha zilizogawanywa kwa usawa hazikuzaa elimu iliyo sawa. Isitoshe, maelfu ya walimu walioajiriwa kwanza walikuwa wa mkataba wa muda, na mgomo wao wa mwaka 2024 ulisimamisha masomo katika shule nyingi.

Kwa mzazi, jambo hili si la takwimu tu. Katika alama za mwisho za Gredi ya 9, asilimia 60 hutokana na mtihani wa taifa, 20 na kazi za shuleni za Gredi ya 7 na 8, na 20 na mtihani wa Gredi ya 6. Alama hizo husaidia kuamua kama mtoto atafuata sayansi, sayansi za jamii, au sanaa na michezo. Mtoto asiyewahi kushika chombo cha maabara hupimwa kwa mizani ile ile anayopimwa jirani yake.

Tanzania inalijua jambo hili. Mpango wa kupanua sekondari ulioanza mwaka 2004 ulieneza shule za kata, na wananchi wakajenga madarasa kwa nguvu zao; maabara na walimu wa sayansi vikachelewa kuwafikia. Ni dhahiri, basi, kwamba anayetaka kulinganisha shule za umma asianze na orodha ya waliofaulu. Aulize kwanza walimu ni wangapi, wanafundisha nini, na maabara iko wapi.