Mashine Ngeni na Joto la Kalokol

Mwanafunzi wangu mmoja, mzaliwa wa Kalokol, aliniuliza majuzi kama yamkini sarafu ya Bitcoin ikachimbwa ufuoni mwa Ziwa Turkana. Jua lipo, upepo upo, na vijana wasio na ajira wapo tele.

Mimi ni mtu wa isimu, nikaanza na neno. Katika uchimbaji huu hakuna sururu wala shimo. Kuna mashine inayokisia nambari, mabilioni kwa mabilioni kila sekunde, ikitafuta ile itakayomletea mwenyewe malipo. Jasho la kazi hiyo ni joto. Mashine moja ya siku hizi hula takriban wati 3,000, na karibu zote hugeuka joto lisilokuwa na budi kuondolewa. Nyingi zimeundwa kwa hewa isiyozidi nyuzi 40. Sasa Lodwar na Kalokol, nyuzi 35 kivulini mchana ni jambo la kawaida, na chini ya paa la mabati hesabu ni nyingine. Ukifungua madirisha, vumbi laingia na kuziba feni.

Kalokol imekwisha kuona mgeni wa aina hii. Mapema miaka ya 1980, kwa msaada wa Norway, palijengwa kiwanda cha kugandisha samaki. Kilifanya kazi siku chache tu. Kugandisha kulidai umeme na maji safi kupita uwezo wa mahali, na baadaye maji ya Ghuba ya Ferguson yakapungua, samaki nao wakaadimika. Wenyeji waliendelea kuanika samaki juani, kama walivyofanya kabla ya kiwanda.

Lugha yetu ina adabu nzuri zaidi kwa wageni. Neno la Kiarabu "kitab" lilipoingia, Kiswahili kililipa irabu mwishoni, kikalitia katika ngeli ya KI-VI, likazaa "vitabu". Aliyebadilika ni mgeni.

Mashine nayo yaweza kubadilishwa, lakini kila tiba ina deni lake. Kupoza hewa kwa maji yanayovukizwa hufaa sana penye ukavu, ila maji ya Ziwa Turkana ni ya magadi na huacha ukoko. Yale ya visima, nani atathubutu kuyanyima mbuzi na watoto? Kuizamisha mashine katika mafuta maalumu huzuia vumbi, lakini mafuta hayo yenyewe sharti yapozwe kwa hewa ile ile ya Kalokol. Kilicho rahisi ni kuipunguzia kasi na kuifanyisha kazi usiku. Hapo jua limekwisha kuzama, na betri si bei ya mkulima wala mvuvi.

Wapo waliofaulu. Luviro, katika Mbuga ya Virunga nchini Kongo, mashine hizi zilianza kazi mwaka 2020 zikitumia umeme wa maji uliokuwa haujapata wateja. Lakini huko ni nyanda za juu, na mto hautui jioni.

Nilimpa kijana kazi moja kabla ya kutafuta mkopo. Achukue kipimajoto, akiweke ndani ya ghala analokusudia kukodi, saa nane mchana, mwezi wa Februari, milango ikiwa imefungwa kwa ajili ya mchanga. Akishaniletea nambari hiyo, tutazungumza.