Mbele ya kununua piesi, uliza kwanza: mambo Hilux ya zamani ilitufundisha

Bandugu na badada, munajua namna tunamalizaka masomo: diplome mukononi, kazi hakuna. Mimi na wanzangu wawili, sisi wote wa agronomia, tuliona afazali tujitafutie. Tulikusanya franga, tukanunua Hilux ya 1986, ya mazutu, motere 2L, volani upande wa kuume. Batu walicheka sana, juu ile gari ilikuwa na miaka mingi kutushinda. Kazi yetu ilikuwa kupanda Kibumba, kwenye barabara ya Rutshuru, kuchukua shu, karoti na viazi, na kushusha ku soko Virunga hapa Goma.

Miezi tatu ya kwanza gari ilikula faida yote. Asubuhi ilikuwa inakataa kuwaka: unafungula kle, unasikia "tik", basi. Mekanisie wa kwanza akasema ni batiri. Tukanunua batiri, dola 90. Nyuma ya wiki mbili shida ikarudi. Akasema ni demareri. Tukanunua ya okazio. Ikarudi tena. Siku moja ilizimikia Kibumba na mizigo juu. Shu zikalala usiku mbili ku mvua, na wakati tulifika soko ilikuwa imejaa, bei imeanguka. Mama mukulima mumoja alikuwa ametukopesha magunia ine. Kumuambia kama hatuna franga zake, ile iliniuma kushinda gari yenyewe.

Njo tukapeleka gari kwa muzee mumoja wa Majengo. Hakugusa kitu. Aliuliza tu: "Bana, mbele muniambie: demareri inazunguka ao haizunguki? Na taa za mbele, ukifungula kle, zinafifia ao zinabakia na nguvu?" Tukajibu: haizunguki, na taa zinabakia na nguvu. Akachukua kable moja nene, akaunganisha negatifu ya batiri na chuma ya motere. Gari ikawaka palepale. Kable ya masi, ile inayotoka ku batiri kwenda ku motere, ilikuwa imeoza na kutu chini ya bulo. Batiri yetu ya kwanza ilikuwa muzima. Demareri pia.

Nilisikia haya, juu ile kazi ya kuuliza mbele ya kutibu njo tulisomea miaka yote. Jani likigeuka manjano, inaweza kuwa azoti inakosa, ao maji ni mingi ku mizizi, ao ni ugonjwa. Mukulima anayetupa urea kila mara anaona manjano anatupa franga. Gari ni vilevile. Tangu ile siku tunafuata njia hii.

1. Demareri haizunguki: tafuta ku umeme

Nunua multimeta ndogo, haina bei kali. Batiri iliyojaa, motere ikiwa imezima na imepumzika, inaonyesha karibu volti 12,6. Ikionyesha 12,2 imebakia karibu nusu. Kisha weka waya moja ku negatifu ya batiri na ingine ku chuma ya motere, mwenzako afungule kle paka mwisho. Ikipita volti 0,5, masi ni mbovu: fungula bulo, pangusa na papie ya msasa paka chuma ing'ae, kaza tena. Fanya vilevile ku vichwa vya batiri. Hapa Goma tunatembea juu ya mawe ya volkano, gari inatetemeka kila siku, kwa hiyo bulo zinalegea na waya zinakatika ndani bila kuonekana.

2. Demareri inazunguka muzuri lakini motere haiwake: tafuta ku mazutu

Motere ya mazutu haina bugi ya cheche. Inakamata hewa, inaikandamiza paka inakuwa moto sana, kisha mazutu inaingia na kuwaka. Asubuhi ya baridi bugi za kupasha zinasaidia. Zikikufa, gari inakuwa nzito kuwaka asubuhi, lakini muchana inawaka vizuri. Ile tofauti ya saa ni alama.

Kama haiwake hata muchana, fungula kle bila kuwasha na usikilize ku pompi ya enjeksio: kuko valve ndogo ya umeme inayofungulia mazutu, inapashwa kulia "tik". Ikinyamaza, angalia fuzibu na waya yake. Ikilia, shuka ku filtre. Chini yake kuko kifungulio cha kutoa maji, na juu kuko pompi ya mukono. Kama unanunua mazutu kwa bakadhafi wa njiani, ndani ya bido, maji inaweza kuwa mingi. Toa maji, kisha pompa paka pompi inakuwa ngumu. Ikibakia laini, hewa inaingia mahali fulani: tafuta mupira uliopasuka.

3. Taa nyekundu ya batiri inawaka njiani: simama

Hii njo ninaomba musome mara mbili. Ku motere yetu, mukaba mumoja unazungusha alternateri na pompi ya maji. Na nyuma ya alternateri kuko pompi ndogo inayovuta hewa ya kusaidia freni. Mukaba ukikatika, unapoteza tatu mara moja: umeme, kupoza motere, na nguvu ya freni. Ilitufikia tukishuka kutoka Kibumba na mizigo. Motere haikuzima, kwa hiyo mutu anaweza kufikiri ni shida ndogo. Kisha pedale ikawa ngumu sawa jiwe. Usipompe pedale, juu kila mara unapompa unamaliza nguvu kidogo iliyobakia. Kanyaga mara moja, kwa nguvu, rudisha vitesi chini, saidia na freni ya mukono polepole. Tulisimama. Tangu pale mukaba wa akiba unakaa nyuma ya kiti.

Kama mukaba ni muzima, pima batiri motere ikitembea: inapashwa kuwa kati ya 13,8 na 14,5. Chini ya 13, alternateri haijaze.

4. Motere inachemuka

Goma iko karibu metre 1.500 juu ya bahari, na hapa maji ya sufuria inachemuka karibu digri 95, hapana 100. Kifuniko cha radiatere kinaongeza presio njo maji ivumilie zaidi. Kikichoka, motere inachemuka hata kama radiatere ni safi. Ni piesi ya bei ndogo, ianze nayo. Lakini usikifungule motere ikiwa moto, utaungua uso.

Leo tunaandika ku kaye kila shida: tarehe, alama, tulipima nini, tulipata nini. Mama wa Kibumba tulimulipa magunia yake ine nyuma ya wiki tano, na anatukopesha tena. Gari inazimika bado, ni muzee. Lakini mekanisie akisema "nunua", tunamuuliza kwanza amepima nini.